Ufunguo wa Chumba cha Betri

Wifi yangu alihamia kwetu siku ya Jumanne mchana, na friza yake ilitangulia. Mkokoteni uliingia uani umebeba lile sanduku jeupe lililofungwa kamba, halafu yeye akafuata juu ya toleka, amekaa ubavu nyuma ya mwenye baiskeli, mfuko mmoja wa nguo mapajani. Mume wake alikuwa amemfukuza baada ya miaka kumi na sita ya ndoa. Hakuwa analia. Alimlipa mwenye baiskeli, akanikuta barazani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, na badala ya kunisalimu akauliza, "Madame, prise iko wapi?"

Nilimwonyesha soketi kwa kalamu. Sikusimama.

Nalitaja hili mapema ili mtu asidhani chuki yetu ililetwa na umeme. Tulichukiana tangu siku ya mahari yangu, aliposema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba mdogo wake amekwenda kuokota mtoto wa reli huko Ubundu, wakati Kindu kumejaa wasichana wenye adabu. Baba yangu, aliyeitolea reli jasho maisha yake yote, alikuwa amekaa pale pale, kofia mkononi. Wifi hakuomba radhi, nami sikusahau.

Nyumba yetu iko mtaa wa Kabondo. Kabla yake tulikuwa watatu: mimi, ninayefundisha hesabu sekondari, mume wangu, anayeshughulika na mizigo ya ndege kule uwanja wa Bangboka, na mama yake, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi kwa sababu ya sukari. Watoto Mungu alikuwa hajatupa. Mama mkwe hakunipenda, lakini aliupenda mkono wangu. Mwanawe akishika sindano alitetemeka kama mwenye homa, kwa hiyo asubuhi na jioni ni mimi niliyemdunga. Vichupa vyake vya insulini vilikaa kwenye mlango wa friji, nyuma ya mayai.

Friji ndiyo ilikuwa shida. Umeme ulikuja jinsi ulivyotaka wenyewe: leo kwa saa mbili tu, kesho hakuna, keshokutwa unawaka mchana kutwa hadi watu wanauogopa. Unafungua friji unakuta maji yametapakaa chini na siagi imekuwa mchuzi. Nilikuwa nakimbia kwa jirani mwenye jenereta, vichupa mkononi ndani ya kitambaa, naomba nafasi karibu na bia zake.

Basi nikaamua kupima. Miezi mitatu niliandika kwenye kalenda ya jikoni saa umeme unapoondoka na saa unaporudi. Nikauliza bei ya jenereta, nikauliza mafuta yake kwa siku, nikauliza betri na kile kisanduku kinachogeuza moto wa betri kuwa moto wa nyumba, sisi tunakiita onduleur. Jenereta ilikuwa rahisi kuinunua, lakini ilitaka kunyweshwa kila siku, na bei ya petroli kwetu inapanda mashua zikichelewa. Betri ingetuumiza mara moja tu. Halafu haipigi kelele wala haitoi moshi chini ya dirisha la mgonjwa.

Nilivieleza vyote hivi tukiwa mezani, tunakula sombe ya majani ya muhogo na wali. Wifi alisikiliza huku akichambua mifupa ya samaki.

"Tununue groupe," akasema. Ndivyo tunavyoita jenereta. "Groupe inavuta frigo, inavuta congélateur yangu, inavuta yote. Batri iko kintu ya kuwasha taa ju mutu asahihishe madaftari."

"Na essence ya kila siku nani atalipa?"

"Samaki italipa."

"Samaki yako haijalipa hata chumvi ya nyumba hii."

Mume wangu alisukuma sahani. "Bon," akasema, "tule kwanza."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila kitu. Alimwogopa dada yake kwa sababu ndiye aliyemlea Kindu mama akiwa sokoni, na aliniogopa mimi kwa sababu alijua nina haki. Mtu akiogopa pande mbili anakula tu.

Ukweli ni kwamba friza ile ilikuwa mali pekee aliyotoka nayo kwenye ndoa. Alinunua samaki wa mpiodi waliogandishwa, kwa katoni, akawauza mmoja mmoja barazani, pamoja na maji ya baridi. Umeme ukikatika siku mbili, katoni nzima ilioza. Hayo niliyajua. Lakini zamu yangu ya likelemba ya walimu, mchezo wetu wa kuchangiana fedha, ilipofika, fedha zilikuwa zangu, nami nikaenda mjini peke yangu.

Mwenye duka, mfanyabiashara mpole kutoka Butembo, alinionyesha aina mbili. Moja ilikuwa lithiamu, nyepesi, ya miaka mingi, na bei yake ilikuwa mara mbili ya nilichokuwa nacho. Nyingine ilikuwa ya jeli, nzito kama jiwe la kusagia. "Mama, hii ya jeli iko muzuri," akaniambia, "lakini iko na masharti. Ukiinyonya mpaka mwisho kila siku, mwaka haitamaliza." Nikachukua ya jeli. Niliyaamini masharti, maana mimi ni mtu wa masharti.

Fundi alikuja Jumamosi, mzee mwenye miwani iliyofungwa waya. Aliweka betri na onduleur kwenye chumba kidogo cha akiba, akavuta waya mmoja kwenda kwenye taa na mwingine kwenye soketi ya friji jikoni. Kisha akatuita sote, hata mama mkwe akaletewa kiti.

"Taa ndiyo. Frigo ndiyo. Téléphone ndiyo," akasema akihesabu kwa vidole. "Congélateur, fer ya kupiga pasi, hapana. Congélateur ikianza kuzunguka inavuta nguvu ya frigo tatu. Batri itakufa, na mimi sitakuya kulia nanyi."

Wifi aliondoka kabla hajamaliza.

Nilifunga kile chumba kwa kufuli. Nilisema ni kwa sababu ya wezi. Ufunguo niliutia kwenye mnyororo wangu, pamoja na ufunguo wa kabati langu la shuleni.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na furaha mbaya. Umeme ukiondoka mtaa mzima ulizima, jenereta moja moja zikaanza kukohoa, na sisi taa haikupepesa hata kidogo. Nilikuwa nakaa mezani na madaftari yangu, nikisikia wifi barazani akiinua mfuniko wa friza, akishika samaki, akifunga. Alikuwa ameanza kuniita "Madame Batri" mbele ya wateja. Nami nilikuwa nikimjibu kwa kuwasha taa ya baraza hata kabla ya magharibi.

Halafu siku moja nilirudi shuleni mapema, nikasikia onduleur inalia, ile sauti fupi fupi ya kuomba msaada. Kutoka soketi ya friji ulikuwa umepita waya wa rallonge, ule wa kurefushia umeme, chini ya zulia la plastiki, ukatokea dirishani mpaka kwenye friza; kwa vumbi lake, haikuwa siku ya kwanza. Friji ya mama ilikuwa imechomolewa ili kuiachia nafasi.

Sikuita mtu. Nilichomoa waya, nikachukua kisu cha nyama na kuukata vipande viwili, kisha nikaviweka juu ya friza yake, vimekunjwa vizuri.

Umeme haukurudi mpaka siku ya tatu. Asubuhi ile nilifungua mlango wa chumba chetu nikakanyaga maji. Alikuwa amemwaga katoni nzima pale kizingitini, mpiodi waliooza, macho meupe, na nzi walikwishafika kabla yangu. Yeye alisimama uani akipiga mswaki.

"Ulitaka samaki ilipe," akasema. "Imelipa."

Mume wangu alitoka, akaangalia, akachukua jembe. Aliwazika samaki nyuma ya choo, akavaa sare yake, akaenda Bangboka. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyomchukia dada yake.

Wiki mbili baadaye ilikuja habari kwamba tonton yangu, mdogo wa baba, amefariki Ubundu. Ilibidi niende matanga, na sindano za mama nikamwachia mume wangu, atetemeke asitetemeke. Jumatano asubuhi nilifunga nguo, nikaingia chumba cha betri. Kwa kawaida nilifunga mlango na kuacha mashine ikifanya kazi. Siku ile nilisimama mbele yake. Nilifikiri: nikienda siku tano, atachomeka friza siku tano, na nitakaporudi nitakuta jiwe. Nikazima swichi kubwa. Taa ndogo ya kijani ikafa. Nikatia kufuli.

Umeme wa mtaa ulikuwepo asubuhi ile, na friji ilikuwa ikinguruma. Hilo ndilo nililojiambia.

Nilivuka mto kwa pirogi mpaka Lubunga, na nilipokuwa nabishana bei na mwenye pikipiki, vichupa vilinijia akilini. Sitasema kwamba nilisahau. Niliviona waziwazi, nyuma ya mayai. Ningeweza kurudi, pirogi ilikuwa bado haijajaza abiria. Ningeweza kumpigia mume wangu simu na kumwambia avunje kufuli. Lakini nilimwona pia wifi akicheka barazani, waya mpya mkononi. Nikapanda pikipiki.

Ubundu, kwenye uwanja wa matanga, simu haishiki. Kuna mahali pamoja juu ya kilima, karibu na stesheni ya reli, ambapo watu husimama wameinua mikono kama wanaosali. Jumapili nilipanda pale kumjulisha mwenye shule kwamba nitachelewa. Jumbe tisa ziliingia kwa mara moja, zote za mume wangu. Wa kwanza ulisema: "Courant imeenda. Ufunguo iko wapi?" Wa mwisho ulisema: "Mama iko hospitali. Hasemi."

Sikumbuki vizuri barabara ya kurudi. Nakumbuka tulianguka mara moja kwenye tope na dereva akaniuliza kama nimeumia, nami nikamwambia aendelee.

Jumatatu mchana niliingia hospitali na udongo hadi magotini. Mama mkwe alikuwa amelala, dripu mkononi, midomo imepasuka, akipumua haraka haraka kama mtu aliyekimbia. Mume wangu alikuwa ukutani. Wifi alikuwa amekaa chini, mguu wa kitanda mgongoni. Aliponiona alisimama, akanijia, nami nikangoja kofi. Hakunipiga. Alinitemea mate shingoni, akarudi kukaa.

Muuguzi alinivuta kando, maana alikuwa ameelezwa kwamba ni mimi ninayemdunga mgonjwa. "Dawa ilikuwa inawekwa wapi?"

"Kwenye friji."

"Hapana," wifi akasema kutoka chini. "Frigo ilikuwa imekufa. Nilitia mu congélateur yangu, juu ya barafu. Pale kulikuwa baridi zaidi. Courant ikarudi usiku moja, ikaenda tena. Nilichunga ile dawa kama mutoto."

Muuguzi alifunga macho kidogo. "Mama, iliganda?"

"Iliganda, nikaiyeyusha. Nikamudunga vile huyu semeki yangu anafanya. Sikutetemeka."

Ndipo tukaelezwa. Insulini ikiganda inakufa. Ikiyeyuka, kwa macho huwezi kuijua, lakini nguvu haina tena. Tangu Ijumaa mama alikuwa akidungwa maji.

Nataka kusema ukweli kuhusu nilichohisi, kwa kuwa sijapata kumwambia mtu. Nilihisi nafuu. Ilinipanda kifuani kama hewa. Si mimi, ni yeye, ni friza yake. Mama alikuwa pale, hajui kama ataishi, nami nilikuwa nimeshapata silaha.

Niliitumia siku ya nne, mama alipokwisha kufumbua macho na hatari ilipopita. Tonton wa mume wangu aliita kikao uani kwetu, viti sita vya plastiki. Nilikuta kufuli la chumba cha betri limepondwa kwa jiwe, bawaba imepinda. Walikuwa wamelivunja Jumapili, wakaingia, na hawakujua swichi ni ipi.

"Bibi," tonton akaniambia, "ufunguo ulienda nawe Ubundu. Kwa nini?"

"Nilisahau, papa. Uko kwenye mnyororo wangu wa siku zote."

"Na mashine kuizima?"

"Nilihofia isije ikaungua nikiwa mbali." Kisha, kabla hajapumua, nikaongeza: "Lakini dawa haikuuawa na ufunguo. Joto la siku mbili haliui insulini, muuguzi mwenyewe alisema. Dawa iliuawa na barafu. Muulizeni aliyeitia kwenye friza."

Wote wakamgeukia wifi. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu mahari yangu. Yeye, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, alishika magoti kwa mikono yake miwili. Akainuka akaingia ndani, na tukamsikia akilia kwa sauti nene, kama mwanamume. Hakulia alipofukuzwa na mumewe.

Nilidhani nitafurahi. Nilitazama viti vyetu vya plastiki na tope lililokauka kwenye viatu vyangu.

Mume wangu alisema neno moja tu kwenye kikao kile. "Alikuwa anatafuta baridi," akasema akinitazama. "Weye ulikuwa unatafuta nini?"

Tonton akafunga kikao kwa kusema kila mtu ajichunguze.

Kesho yake nilimpelekea mama mkwe uji hospitali. Tulikuwa wawili tu. Alinyoosha mkono nimdunge dawa mpya, nikamdunga. Akasubiri nitoe sindano.

"Ulisahau kweli?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa dhaifu, pengine angeniamini.

"Hapana, mama. Nilikumbuka nikiwa Lubunga. Sikurudi."

Alitikisa kichwa polepole. "Nilijua. Mutoto yangu mwanamuke iko mujinga, lakini mujinga anaweza kunipenda. Weye una akili." Akausukuma uji kando. "Sitakula tena chakula ya mukono yako. Sindano, nitachukua, ju sina namna. Chakula, hapana."

Nilibeba uji ule kurudi nyumbani, ukiwa umepoa.

Alipotoka hospitali hakurudi Kabondo. Wifi alikuwa amepanga chumba mtaa mwingine, Mangobo, na mwanawe aliwahamisha wote wawili kwa safari moja, friza, kitanda na yule mwanamke mfupi amekaa juu ya godoro. Sasa wana jenereta ndogo, aliyoinunua wifi kwa samaki wake baada ya miezi mingi. Inawaka saa chache wakati wa wateja. Kwa friza zinatosha. Kwa insulini hazitoshi.

Kwa hiyo akiba ya dawa ilibaki kwangu. Kila Ijumaa baada ya masomo wifi anakuja na thermos yenye mdomo mpana. Haingii. Anagonga bati la lango, mimi natoka na kichupa kimoja, yeye anakizungushia kitambaa mara tatu ili barafu isikiguse, anafunga, anaondoka. Sindano sasa anadunga yeye. Mama mkwe alisema mkono wake umekuwa mwepesi kuliko wangu.

Mume wangu anakwenda Mangobo kula kila Jumapili. Mimi sialikwi. Akirudi simuulizi wamekula nini.

Walimu wenzangu wananiuliza kama betri inalipa. Nawaambia bei ya mafuta, nawaambia bei ya jeli na ya lithiamu, nawachorea ubaoni. Hesabu ile bado ni sahihi. Ningenunua tena ile ile. Sijui nisemeje mengine, kwa hiyo siyasemi.

Mwezi uliopita fundi alikuja kuipima. Akavua miwani yake ya waya, akasema imebaki nusu ya nguvu zake, zile siku za friza zimeila. Ijumaa iliyofuata nilimpa wifi kichupa, na kwa mara ya kwanza tangu ahame nikamwongezea neno.

"Batri imechoka. Fundi anasema haitafika msimu wa mvua."

Aliendelea kuzungusha kitambaa. "Utanunua ingine?"

"Niko kwenye likelemba. Zamu yangu bado."

"Ile ya bei kali ni ngapi?"

Nikamtajia bei ya lithiamu. Alipiga ulimi kwenye meno, akafunga thermos, akaitia kwapani.

"Nitatoa nusu," akasema. "Si ju yako."

"Najua si kwa ajili yangu."

"Na ufunguo mumoja utakaa kwangu."

Nilimwambia sawa. Hakuaga. Alipanda toleka iliyokuwa ikimngoja, akakaa ubavu, thermos mapajani, na mwenye baiskeli akashika njia ya Mangobo.